Jino langu lipo, acheni uongo

Naandika kabla sijanywa hata chai, maana nimeamka nikakuta kundi letu la WhatsApp limejaa vicheko, na chanzo ni yule yule rafiki yangu fundi simu wa hapa Bombo. Ukimpa siri huyo, bora ungeipeleka mwenyewe kwenye kipaza sauti. Anadai jino langu la mbele lilidondoka harusini nikalimeza na keki. Shangazi kanipigia kutoka Arua kunipa pole, akauliza kama limeshatoka. Hakumaanisha mdomoni.

Jino lipo. Nimeligusa sasa hivi kwa ulimi.

Wafuasi wa zamani mnakumbuka habari ya bodaboda: tuta, breki ya ghafla, jino langu likasalimiana na helmeti ya dereva. Helmeti haikupata hata mkwaruzo. Mimi nikatema nusu ya jino, na si gego la kujificha huko nyuma, ni lile ambalo watu wanaliona kabla hujamaliza kusema salaam aleikum.

Daktari wa meno kule Kampala, mama mpole, akanieleza njia zilizopo. Kofia ya kauri ni imara na inapendeza, ila ili uivae lazima jino zima lichongwe pande zote, vipimo viende maabara, urudi siku nyingine kuvishwa. Bei yake nilipoisikia nilikufa ganzi kabla ya sindano. Nikauliza ile ya fedha aliyokuwa nayo babu. Akacheka. Ile, alisema, ni fedha, bati na shaba, na karibu nusu yake ni zebaki. Kwenye gego imewavusha wengi, lakini mbele utaonekana umetafuna kijiko. Kuna pia ile saruji inayotoa floraidi kidogo kidogo, nzuri kwa meno ya watoto, ila ukiijengea ncha ya jino la mbele haikawii kumeguka. Ikabaki kompoziti, ile ya rangi ya jino, unayoingia asubuhi na kutoka nayo siku hiyo hiyo.

Akanisimamisha dirishani, mkononi ana safu ya vijino vya mfano vyenye namba, analinganisha kimoja kimoja na langu. Rangi ya jino huchaguliwa kwa mwanga wa mchana, akasema, tena haraka kabla meno hayajakauka, maana jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Tukachagua. Akapaka tindikali, akaosha, akakausha, akapaka gundi, pamba kila kona kwa sababu mate yakipenya tu kazi imeharibika. Halafu akajenga tabaka juu ya tabaka, kila moja likipigwa taa ya bluu hadi ligande. Kwenye kioo nikatafuta jino langu linaishia wapi na la daktari linaanzia wapi, sikuona. Mke wangu hakuona. Fundi simu, mwenye macho ya kuona waya ndani ya spika, hakuona! Ila kumbukeni: wote tulitazama mchana.

Sasa ukumbini. Pilau imeshaliwa, doluka, ngoma yetu ya Wanubi, imeshachezwa, nikapewa maikrofoni niseme kwa niaba ya upande wa bwana harusi. Kijana wa muziki akaona maneno yangu hayanogi bila mapambo. Akazima taa zote nyeupe, akawasha zile za zambarau, zisizomulika kitu ila kila cheupe kinawaka. Kanzu yangu, iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ikarudiwa, ikawaka. Watu wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, kumbe nami nina umbo. Nikatabasamu.

Meza ya mbele, bibi mmoja wa upande wa bibi harusi alikuwa anapeleka sambusa mdomoni. Sambusa ikasimama njiani. Akanitazama. Akamvuta mwenzake ushungi. Mwenzake akatazama. Mimi najua nini? Naona macho yamewatoka, nadhani maneno yamewaingia, nikaongeza tabasamu, sasa la meno yote. Ndipo mtoto mmoja huko nyuma, wale wasiojua kunong'ona, akasema:

"Mama, jino la yule baba limeanguka!"

Kimya. Halafu MC, Mungu anamwona, akachukua maikrofoni ya pili: "Wageni wetu waheshimiwa, kabla hatujaendelea, naomba kila mtu aangalie chini ya kiti chake."

Na wakaangalia! Wallahi, watu wazima waliinama. Mjomba wangu wa damu akawasha tochi ya simu. Mimi napapasa kwa ulimi, lipo. Kwa kidole, lipo. Nikatangaza, "Jamani, lipo!" na kwa kulisema hilo mdomo ukafunguka tena, ukumbi mzima ukaona halipo.

Kijana wa muziki akashtuka, akarudisha taa nyeupe. Jino likarudi. Bibi wa sambusa akasema "Astaghfirullah" na kuiweka chini sambusa yake. Basi yule kijana, kwa kutaka kuhakikisha tu, akazima tena. Likapotea. Akawasha. Likarudi. Akazima. Watoto wakaanza kupiga makofi.

Hotuba sikumaliza. Keki nilikula nimegeukia ukuta, na huo ndio mwanzo wa uongo wa kumeza.

Daktari nimeshampigia. Anasema meno ya asili yakipigwa na mwanga ule hutoa mng'ao wao wenyewe. Kompoziti aliyonijengea haina mng'ao huo, kwa hiyo inaonekana pengo jeusi. Zipo aina zenye mng'ao, anaweza kuchonga tabaka la juu akaweka hiyo. Eti angejua naenda disko angenipa hiyo tangu mwanzo. Mimi, disko, na kanzu!

Wewe fundi, video umeikata pale pale taa nyeupe ziliporudi. Kipande kilichobaki unacho, kitume.

MC naye kapiga asubuhi hii. Ana harusi Jumamosi kule Wobulenzi, anauliza kama nina nafasi, na nisiende kwanza kwa daktari. Nimemuuliza wanalipa ngapi.