Sura kifuani, mshono mguuni: wanamuziki wa zamani wanaporudi kwenye nguo zetu

Kijana alikuja na sura ya Tupac, marehemu rapa wa Marekani, kwenye fulana, suruali moja ya jinzi imekunjwa kwapani, na kwenye simu picha ya bendi ya miaka ya sabini. Wanamuziki sita wamejipanga, nywele afro, suruali zimebana mapaja halafu zinafunguka chini kama mdomo wa tarumbeta. "Shikamoo babu. Nataka iwe hivi."

Fundi, ambaye cherehani yake iko barazani karibu na soko la Mwanga hapa Kigoma, alivua miwani, akaitazama simu, kisha akaitazama fulana. "Hizi bugaluu tumezishona sana. Lakini huyu uliyembeba kifuani, mjukuu wangu, unamjua?"

"Namjua babu, Tupac."

"Aliimba nini?"

Kijana akacheka tu. Mimi nilikuwa kwenye benchi nasubiri zipu ibadilishwe. Ubishi uliozuka hapo uliwavuta mwalimu mmoja mstaafu, mama muuza vitenge wa jirani na wapita njia wawili watatu wasio na haraka. Mwalimu alishika upande mmoja: vijana wanavaa watu wasiowajua, na huo ni utumwa wa akili. Kijana akashika wa pili: ni pamba tu mwalimu, mtu unatupia unapendeza, mambo yameisha. Na kwa kuwa siku hizi haipiti wiki bila sherehe ya kuvaa kizilipendwa, sendi-ofu au mahafali, naona ubishi ule unastahili zaidi ya benchi la fundi.

Nianze na kijana, maana yeye ndiye aliyedharauliwa upesi. Mji huu haujapata kizazi kilichovaa bila kumchungulia mwanamuziki. Reli iliishia Kigoma mwaka 1914, lakini ziwa halikuishia hapo. Ng'ambo ni Kongo, na boti za Kalemie na Uvira zimeleta vitenge, santuri na namna ya kutembea. Na Kongo nayo ilikuwa inachungulia kwingine. Septemba 1974, kabla ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa ilifanya tamasha la siku tatu, na mwimbaji wa Marekani James Brown akapanda jukwaani. Waliohudhuria waliondoka na nyimbo, na sina shaka wapo walioondoka na vipimo vya suruali.

Papa Wemba, mwanamuziki wa Kongo, naye ni wa nyakati hizo. Alianza na bendi ya Zaiko Langa Langa mwaka 1969, akaunda yake, Viva la Musica, 1977, na jina lake likafungamana na wasape, wale jamaa wa suti zisizo na kosa na viatu vya kujitazamia. Wengi tunauona usape kuwa majigambo matupu, tukisahau kwamba rais wao, Mobutu, alikuwa ameipiga vita suti na tai. Vazi la heshima lilikuwa abakosti, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti ishindwe". Katika nchi ya namna hiyo, kijana aliyetoka na koti la Paris na tai shingoni alikuwa anamjibu rais bila kufungua mdomo.

Huku kwetu mambo yalikuwa kinyume chake, ila fimbo ilikuwa ileile. Oktoba 1968 TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala, ilitangaza Operesheni Vijana, ianze Dar es Salaam Januari 1969: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vilipigwa marufuku kwa kuwa ni utamaduni wa kigeni, na wanawake waliovaa sketi hizo walibughudhiwa barabarani. Kwa hiyo hoja ya mwalimu ina zaidi ya miaka 50. Kila inapotolewa, nguo iliyolaaniwa jana ndiyo inayosifiwa leo kuwa ya kistaarabu. Mwalimu mwenyewe tulipombana alikiri kwamba chuoni alikuwa na viatu vya raizoni, tena vya kisigino kinene, na kwamba aliwahi kuanguka navyo ngazini.

Lakini mwalimu hakuwa na risasi moja. Alituuliza ni nani aliyelipia suti za wasape. Hapo lazima tukubali kuna kitu. Ng'ambo na huku wapo vijana waliolala njaa ili kiatu king'ae, na tamaa ya kufika Ulaya ilipanda jukwaa moja na tamaa ya koti. Papa Wemba alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia huko kinyume cha sheria, wakijifanya ni wanamuziki wa bendi yake. Alipofariki Abidjan Aprili 2016, baada ya kuanguka jukwaani, alililiwa kama mfalme, na alistahili. Ila mtu anayeuza ndoto ya umaridadi anauza pia deni lake.

Pale mwalimu aliposema vijana wanaiga utajiri, hapo ndipo nilipomwacha. Mitindo mingi ya wanamuziki ilizaliwa uchochoroni. Mfano wangu ni sweta la Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani Nirvana, lile alilovaa kwenye onyesho la televisheni mwaka 1993. Oktoba 2019 liliuzwa kwenye mnada Marekani kwa dola 334,000, likiwa na madoa, lina tundu la moto, na halijafuliwa. Hapa Mwanga sweta hilo lingetupwa kwenye lundo la mwisho, lile la "mia tano, chagua!" Cobain na wenzake walivaa nguo kuukuu kwa sababu ndizo walizozimudu. Mbunifu Marc Jacobs alipozipandisha jukwaani mwaka 1992 kwa jina la kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, zikiwa na bei za kitajiri, kibarua chake kiliota nyasi. Nguo ya maskini ilipanda juu, ikasifiwa, ikachakaa, na sasa inatufikia kwenye belo la mitumba.

Vivyo hivyo glavu nyeupe ya Michael Jackson. Dunia iliiona vizuri Mei 1983, mkono mmoja, inameremeta. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kaka yangu alivyokata soksi nyeupe ya shule, akaivaa mkononi, akajaribu ile densi ya kurudi nyuma kwenye sakafu ya vumbi. Mama alimuuliza nyingine ameipoteza wapi. Glavu yenyewe iliuzwa Novemba 2009 kwa dola 350,000, kabla ya ada. Sijui ile soksi ilikwenda wapi, lakini ndiyo ninayoikumbuka.

Soksi ya kaka na fulana ya Tupac si kitu kimoja, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Fulana ilitoka kwenye belo. Mtu fulani Marekani au Ulaya aliinunua, akaichoka, akaitoa, ikafungwa robota, ikavuka bahari. Huko ilikotoka sura ya mwanamuziki ni mali inayolindwa: mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa ushindi kampuni ya familia ya Bob Marley dhidi ya wafanyabiashara waliouza fulana zenye picha yake bila idhini, zikafika mpaka kwenye maduka makubwa ya Walmart na Target. Mwaka 2017 Kendall na Kylie Jenner, mastaa wa televisheni wa Marekani, waliziondoa sokoni fulana walizobandika sura zao juu ya picha za kina Tupac na Notorious B.I.G., bei dola 125 moja, baada ya ndugu wa marehemu kulalamika. Huku kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpiga picha, lakini sijaona mtu wa Mwanga akiulizwa kuhusu sura iliyo kifuani mwake, wala sidhani aulizwe.

Kinachonikera ni kwamba belo ndilo linalotuchagulia wa kumkumbuka. Linaleta Tupac, Marley, Nirvana, na bendi za gitaa zito ambazo mvaaji hajapata kuzisikia hata robo wimbo. Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa wetu kuliko wengi waliozaliwa hapa, haji kwenye belo. Tabora Jazz haiji kwenye belo, ingawa nyimbo zake bado zinapigwa kwenye kila harusi kwenye njia hii ya reli. Hawaji kwa sababu wanaotoa nguo huko hawakuwafahamu. Mkoa ambao mwaka 2012 ulikusanya wanamuziki wake wakaimba Leka Dutigite unatembea na sura zilizochaguliwa na kabati za watu wa Ohio.

Bugaluu ya kijana, lakini, aliichagua mwenyewe. Aliitafuta kwenye simu, akapata jinzi, akatafuta mtu anayeweza.

Fundi alichukua wembe, akafumua mshono wa nje kutoka kwenye pindo hadi chini kidogo ya goti. Akamwomba mama wa vitenge kipande cha mabaki, akapata cha rangi ya manjano chenye maua ya buluu. Akakata pembetatu mbili, ncha juu, kitako chini, upana wa kiganja na vidole vitatu. Alikuwa mwangalifu uzi wa kitambaa ushuke wima. Ukikata mshazari, alisema, ikifuliwa mara mbili inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Kwenye ncha alirudisha mshono mara tatu, kwa sababu bugaluu hupasukia hapo, hasa kwa mtu wa kupanda pikipiki. Halafu pasi ya mkaa. Enzi zao, alieleza huku akipuliza majivu, hivi vipande havikuwa mapambo. Kitambaa kilikuwa haba, suruali unarithi kwa kaka, imeshakuwa nyembamba, kwa hiyo unaipanua kwa chochote kilichopo. Mtindo wa dunia ulikutana na uhaba wa Kigoma, ukatoka mwingine.

Hiyo ndiyo hukumu yangu, na naijua kasoro yake. Mtindo unaopita mkononi mwa fundi unaacha ujuzi na pesa hapa. Sura iliyochapwa haiachi kitu zaidi ya joto. Ila fulana ile ilikuwa shilingi elfu mbili, na kazi ya fundi ilizidi mara tatu yake. Kumwambia mtu wa bodaboda ashone kila nguo ni kumwambia ale nyama kila siku. Na mwenye kudhani dawa ni kufunga mitumba, jambo hilo lilijaribiwa: mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, Tanzania ikarudi nyuma. Halafu muulizeni fundi mwenyewe. Kazi nyingi zilizokuwa zinaning'inia ukutani kwake siku ile zilikuwa mitumba ya kupunguza kiuno na kukata miguu. Anayesema mitumba imeua cherehani na aketi barazani pale asubuhi moja.

Mama wa vitenge alikuwa amenyamaza muda wote, akatuambia kitu ambacho sisi wanaume hatukukifikiria. M'bilia Bel, mwimbaji wa Kongo, alipovuma miaka ya themanini, alisema, wasichana wa Ujiji walitazama mabega ya blauzi zake, wakarudi kwa mafundi. Hakuna aliyehitaji picha yake kifuani. Kitenge kilivuka ziwa, mshono ukakatwa hapa, na mpaka leo mkono ule wa kufura unaonekana kwenye harusi, na anayeuvaa wala haambiwi anaiga. Kwamba wanawake wamekuwa wakifanya kwa miaka 40 jambo ambalo sisi tulikuwa tunalibishania kana kwamba limeanza juzi, hilo mwalimu alilipokea kwa kukohoa.

Kijana aliivaa bugaluu pale pale nyuma ya pazia, akatoka, akazungusha mguu ili manjano yaonekane. Ilimkaa. Tupac juu, maua ya Kongo chini. Akamgeuzia fundi simu tena: "Babu, kwani hawa ni bendi gani?"

Fundi akaikuza picha kwa vidole viwili. "Sura siwajui. Ila aliyewashonea alikuwa hodari, tazama mifuko ilivyolala."

Zipu yangu aliniambia nipitie kesho.