Mashine inayokujua, na foleni iliyo nyuma yako

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba watu huikubali teknolojia wakiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Kwa kipimo hicho, mashine ya kutolea fedha inayokumbuka lugha yako, kiasi ulichozoea kutoa na kwamba huhitaji risiti ingepokelewa kwa mikono miwili. Wako wanaoipokea hivyo, tena kwa haki. Mwenye macho hafifu ambaye hukuziwa herufi mara tu anapoingiza kadi hana haja ya kushawishiwa na mtu.

Anayeikataa huonekana mshamba: hajaelewa, aelimishwe. Nadhani ameelewa vizuri kuliko wanaomcheka.

Simu ni yangu, na mtu akichungulia naigeuza. Mashine ya kujihudumia imesimama mahali pa wazi, na nyuma yangu kuna foleni. Ikiandika kwa herufi kubwa “Karibu tena, utoe kiasi kilekile?” na kukitaja, imeshamweleza asiyenihusu kwamba mimi huja hapa mara kwa mara, na hubeba kiasi gani nikiondoka. Mashine ya tiketi ikinipendekezea safari ya wiki iliyopita, huenda aliyesimama nami bega kwa bega ndiye hasa nisiyetaka ajue nilikwenda wapi. Huduma ileile, ikitolewa kwenye simu usiku chumbani, ningeipenda. Kwa hiyo dodoso linalouliza tu “je, ni rahisi?” litapata jibu la ndiyo, na mashine bado itakwepwa.

Halafu kuna suala la kuulizwa ruhusa. Februari 2024, katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, mashine ya kuuzia pipi ilipata hitilafu, na ujumbe uliotokea kwenye skrini ukataja programu ya kutambua nyuso. Watengenezaji walisema haihifadhi picha, inatambua tu kwamba kuna mtu mbele yake. Huenda ni kweli. Lakini wanafunzi walijua kwa bahati tu, kwa sababu mashine iliharibika (je, isingeharibika?), na chuo kikaomba mashine hizo ziondolewe. Nchini humohumo, mwaka 2020, wasimamizi wa faragha walibaini kuwa vibanda vya ramani katika maduka makubwa 12 vilikusanya picha za nyuso milioni 5 bila ridhaa halali. Mtu alikuwa akitafuta duka la viatu tu.

Wabunifu wana hoja moja nzito: kumwomba kila mtu ruhusa huongeza hatua, na foleni hurefuka. Sawa, ila swali hilo halilazimiki kuulizwa pale kwenye foleni. Liulizwe mara moja, kwenye simu au siku ya kuchukua kadi, na kinachokumbukwa kionekane kama kitufe kisicho na jina wala kiasi, ambacho mwenye kadi pekee anajua kitamletea nini.