Kihamba nacho kina bei

Tangu tarehe 6 Aprili 2025, kihamba cha Mwika, yaani shamba la ukoo la Wachagga kule Kilimanjaro, kinaweza kutozwa kodi Uingereza. Sitanii. Sheria yao ya kodi ya mirathi siku hizi haiulizi kwenu ni wapi, inauliza umeishi huku miaka mingapi. Ukifikisha 10 kati ya 20 iliyopita, siku ukifa inahesabiwa mali yako yote popote ilipo: nyumba ya mji wa Reading huku, akiba ya benki, na ile migomba uliyorithi kwa mzee. Wachagga wenzangu wengi wa huku wameshavuka hapo zamani na hawana habari.

Desemba tukirudi nyumbani, stori ni ileile: Wazungu wanaibia hadi marehemu. Mimi naona wametushinda kitu kimoja, nacho si kodi. Ni kuhesabu.

Mtu akifa huku, kabla mahakama haijatoa kibali cha kugawa, wanaosimamia mirathi lazima wakadirie kila kitu kwa bei ambayo kingeuzwa sokoni siku aliyofariki. Nyumba, gari, hisa, vito, na hata zawadi alizogawa miaka 7 ya mwisho. Yanatolewa madeni na gharama za mazishi, jiwe la kaburi likiwemo. Kinachozidi pauni 325,000 hukatwa asilimia 40. Mume na mke kwa kawaida hawatozwi wakiachiana, na nyumba ya kuishi ikienda kwa watoto kuna nafuu nyingine inayofika pauni 175,000. Hapo ndipo asiye na mtoto anaumia. Nyumba ya pauni 500,000, kama ndiyo mali yake yote, mwenye mtoto angemwachia mwanawe bila kodi. Asiye na mtoto akimwachia dada yake aliyemsomesha, serikali inaondoka na 70,000. Dada kwao ni kama mtu baki. Hilo silitetei.

Kwetu Tanzania kodi ya mirathi hakuna, na tunajisifu. Ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa, mahakama ya mwanzo inamthibitisha msimamizi wa mirathi, naye anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Ukibahatika kuiona hiyo orodha, soma: "Nyumba moja, kihamba kimoja, ng'ombe wawili." Nyumba moja ya namna gani? Ya tofali au ya miti, kando ya lami au kule bondeni pikipiki isikofika? Bei hakuna. Ukiuliza unaambiwa kihamba hakiuzwi, babu amelala pale, masale ya mpakani aliyapanda yeye.

Naheshimu hayo. Ila tuangalie ukimya huu unamnufaisha nani. Kwa desturi nyumba ya baba ni ya mtoto wa kiume wa mwisho, wa kwanza ana sehemu yake, na mabinti wanaambiwa wana kwao kwa waume. Tangazo la sheria za mila la 1963 nalo lilimweka binti daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote. Bila tarakimu, binti anapewa vitenge vya mama na sufuria, na kikao kinafungwa kwa sala kila mtu akisema wote wamepata. Weka tarakimu uone kama hiyo sala itaitikiwa. Na bati jipya la ile nyumba alilipa nani? Mara nyingi ni huyohuyo dada, kwa M-Pesa, mwezi hadi mwezi, na hakuna popote lilipoandikwa kuwa deni la mirathi.

Kwa hiyo usingoje msiba. Mzee angali na nguvu, mwite mthamini aliyesajiliwa, si dalali wa Himo anayetaja bei akitazama viatu vyako. Ripoti iwe na tarehe na picha, ikae pamoja na wasia. Nawe uliye Uingereza utaihitaji, maana watu wa kodi huku hawaelewi neno "hakiuzwi".

Na bei ya kulinganishia ipo. Vihamba vinauzwa sana tu, kimyakimya, ndugu kwa ndugu na jirani kwa jirani. Muulize mwenyekiti wa kitongoji, ndiye anayeitwa kushuhudia mauziano.