Nafasi ya ligi kuu: ishindwe uwanjani au igawiwe na kamati?

Oktoba 2023 London Broncos walikwenda Ufaransa, wakaifunga Toulouse 18-14 kwenye fainali na kupanda Super League, ligi kuu ya raga ya watu 13 nchini Uingereza. Muda si mrefu ikatoka orodha ya kupima klabu kwa alama, mfumo ambao ndio ungeamua nani abaki kwenye ligi ya timu 12 kuanzia msimu wa 2025, na London wakajikuta nafasi ya 24. Kabla hawajacheza hata mechi moja ya msimu wa 2024, kila mtu alijua kwamba mwisho wa msimu wataondoka, wafungwe au washinde. Na kweli wakaondoka.

Kwetu Mwanza, ambako wikiendi ni Kirumba na Nyamagana, raga ni mchezo wa mbali. Wenzetu wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa, wanaujua zaidi, ingawa wao wanacheza ile ya watu 15 na ya watu saba. Lakini yaliyowapata London yanamgusa mtu yeyote aliyewahi kuhesabu pointi za timu yake mwezi Mei akitafuta namna ya kubaki. Nani ana haki ya kucheza ligi kuu, na nani anaamua?

Raga ya watu 13 yenyewe ilizaliwa kwenye mgogoro wa uongozi. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika hoteli ya George, mjini Huddersfield, zikajitoa kwenye chama kikuu. Chama kilikataa wachezaji walipwe fidia ya ujira waliopoteza walipoacha kazi kwenda kwenye mechi. Wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Anayeijua Igombe, kwa wavuvi wa hapa Mwanza, hahitaji maelezo hapa: mechi ya mtaa ikiangukia siku za giza, nusu ya kikosi iko ziwani kwenye dagaa, na hakuna kocha mwenye moyo wa kumlaumu kijana kwa hilo. Viongozi wa kule London walisema mchezo ni wa kujitolea. Wao walikuwa na uwezo wa kujitolea.

Miaka zaidi ya 120 baadaye mchezo huo huo bado unahangaika na muundo wake. Mwaka 2009 Super League iliacha kupanda na kushuka daraja, klabu zikawa zinapewa leseni. Mwaka 2015 kushuka kukarudi, kwa mfumo wa kugawa timu makundi ya nane nane katikati ya msimu. Mwaka 2019 ikawa timu moja inashuka, moja inapanda. Kuanzia msimu wa 2025 zikaja alama, zilizobuniwa na kampuni ya IMG ambayo ilisaini mkataba wa miaka 12 mwaka 2022. Mwaka 2026 timu zikaongezwa kutoka 12 hadi 14. Hakuna klabu inayoweza kupanga bajeti ya miaka mitano katika hali hiyo.

Tuanze na wanaotetea alama, maana hoja yao ina uzito kuliko mashabiki wengi wanavyokubali. Wanasema hofu ya kushuka inaharibu klabu. Kiongozi anayeona mkia wa msimamo unamsogelea hajengi akademi wala hakarabati jukwaa. Anakopa, anasajili wachezaji watatu wa dirisha dogo kwa mishahara asiyoimudu, na akishuka anabaki na madeni. Mwanza tunayajua hayo. Mwaka 2020 Mbao na Alliance ziliteremka pamoja, na jiji likabaki bila timu yake ya Ligi Kuu hadi Pamba Jiji walipopanda mwaka 2024.

Ushahidi wao mkubwa unatoka Australia. NRL, ligi tajiri kuliko zote za mchezo huu, haina kushuka daraja. North Queensland Cowboys wa Townsville waliingia ligi kuu mwaka 1995. Townsville iko mbali na Sydney kuliko Mwanza ilivyo mbali na Dar es Salaam. Timu ile ilishika mkia zaidi ya mara moja katika miaka yake ya mwanzo. Kwa utaratibu wetu ingeshuka, ikapotea, na vijana wa kule wangelazimika kuhamia Sydney kama wetu wanavyohamia Dar. Badala yake iliachwa ikue, na mwaka 2015 ikatwaa ubingwa. Kwa mtu wa mkoani huo si mfano wa kupuuzwa. Ligi iliyofungwa ilikinga timu ya pembezoni kwa miaka 20 mpaka ikakomaa.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa kupanda na kushuka hawapendi kulisikia. Nafasi ya kupanda ikiwa na thamani kubwa, matokeo nayo yananunulika. Kanda ya Ziwa tunakumbuka Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliposhinda 8-0 na Polisi Tabora ikashinda 7-0. Timu nne ziliadhibiwa kwa upangaji wa matokeo, na aliyepanda akawa Mbao.

Hapo hapo ndipo upande wa pili unapoanza. Mbao, klabu isiyo na jina kubwa wala uwanja wake, msimu uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na kufungwa na Simba 2-1. Ichukue Mbao ya 2016 uipitishe kwenye mizani ya IMG. Jumla ya alama ni 20, na matokeo ya uwanjani hayabebi zaidi ya robo. Zilizobaki ni wingi wa mashabiki na wafuasi wa mtandaoni, hali ya fedha, uwanja, na ukubwa wa eneo ambalo klabu inatoka. Mbao isingepita hata mlango wa kwanza.

Pamba Jiji, kwa upande wake, ingefanya vizuri: iko kwenye jiji kubwa la Kanda ya Ziwa, na nyuma yake kuna halmashauri. Kwa hiyo kipimo kile kingetufaa sisi wa Mwanza na kuwaumiza wa miji midogo. Hata hivyo nakikataa. Idadi ya watu wa jiji haijafunga bao, na mtu wa Misungwi au Sengerema akiunda timu inayomshinda wa Mwanza anastahili kukaa juu yake.

Alama pia hazikufanya hata kile zilichoahidi. Salford ilipita kwenye mchujo wa alama ikapewa nafasi ya msimu wa 2025. Mechi ya kwanza ya ligi, Februari, ilibidi ipeleke kikosi kilichojaa vijana kwa sababu ya ukata na kikomo cha mishahara iliyowekewa. Ikafungwa na St Helens 82-0. Wachezaji wakakaa wakisubiri mishahara iliyochelewa, na klabu ikakosa nafasi ya 2026. Kama kipimo kinachokagua fedha kiliipitisha Salford miezi michache kabla, basi kilikuwa kinakagua makaratasi tu.

Kwangu mimi, mjadala wa kushuka au kutoshuka umefunika kasoro kubwa zaidi. Uingereza wamebadilisha mfumo mara zote hizo kwa sababu wanaoupigia kura ni wenye klabu, na kila mmoja anapiga kura akitazama nafasi yake kwenye msimamo. Mwaka 2018 klabu za Super League zilijitenga na chama cha raga ya watu 13 zikaweka bosi wao, halafu baadaye zikarudi meza moja.

Australia walionja machungu ya namna hiyo mapema. Mwaka 1997 walikuwa na ligi mbili zinazoshindana, kila moja na kampuni yake ya televisheni nyuma. Zilipoungana 1998 ikaamuliwa timu zipunguzwe hadi 14, na South Sydney, klabu ya tangu 1908, ikatupwa nje baada ya msimu wa 1999. Mashabiki wake wapatao 80,000 waliandamana Sydney, kesi ikaenda mahakamani, na klabu ikarudi uwanjani 2002. Kampuni ya News Limited ilimiliki nusu ya NRL na wakati huo huo iliimiliki klabu ya Melbourne Storm. Mwaka 2010 Storm ilipokutwa na vitabu viwili vya mishahara ilinyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009. Adhabu ilikuwa kali na ya haki, lakini ligi haiwezi kuishi kwa kutegemea mwenye mali ajihukumu mwenyewe. Februari 2012 ikaundwa tume huru, News Limited ikajitoa kwenye umiliki wa ligi, na makamishna wakawa watu wasiotumikia klabu yoyote.

Tume huru ndiyo ya kuiga kutoka Australia, kabla ya kuiga ligi isiyo na kushuka daraja. Hapa kwetu Bodi ya Ligi iko chini ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na viongozi wa klabu wana viti ndani yake. Machi 8, 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kusema ilizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa na kugoma kucheza. Ilichezwa Juni 25. Katikati ya siku hizo kila uamuzi wa bodi, hata ule uliokuwa sahihi, ulisomwa kwa jezi ya aliyeutoa.

Raga ya Uingereza ingefanya vema kuwaachia makamishna wa aina ile kazi ya mfumo mzima, kisha wauache kwa miaka 10 bila kuugusa. Kupanda kubaki kwa mshindi wa uwanjani. Fedha na uwanja viwe masharti ya chini, ambayo klabu inayatimiza au haitimizi, bila kuzipanga klabu kwa alama kama matokeo ya darasa la saba. Timu inayoshuka ipewe mgawo wa kupunguza makali kwa misimu miwili, ili hoja ya Cowboys ijibiwe bila kufunga mlango.

Ukaguzi nao usiwe wa mara moja kwa mwaka. Mgawo wa haki za matangazo, ambao kwetu umo kwenye mkataba wa Azam wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, ukatwe kwanza mishahara ya miezi mitatu na kushikwa na tume kabla msimu haujaanza. Klabu ikichelewesha mshahara, mchezaji alipwe kutoka humo, na usajili wa klabu hiyo usimame hadi fungu lijazwe tena.