Lambert hakuibuka ghafla

Kuna makala inasema mshambuliaji Rickie Lambert "aliibuka ghafla" alipoifungia England dhidi ya Scotland Agosti 2013. Ghafla ipi? Msimu wa 2008/09 alitia mabao 29 ya ligi akiwa Bristol Rovers, klabu ya daraja la tatu England. Kilichomkwamisha ni mwili: mzito, mbio hana, na maskauti wa klabu kubwa humkata mtu wa hivyo kabla hajagusa mpira. Southampton walipomsajili 2009, kocha Alan Pardew alimwambia wazi apunguze uzito. Akapungua, akafunga 30 za ligi msimu huohuo. Kisha timu ikapanda mara mbili mfululizo, 2011 na 2012, hadi Ligi Kuu, naye akapanda nayo. Kwa mshambuliaji wa miaka 30 hiyo ndiyo njia, maana ni nadra klabu ya Ligi Kuu kukununua kutoka madaraja ya chini kwa umri huo. Na penalti zake jamani! Southampton alipiga 34, zikaingia zote 34.

Mwandishi wa makala kairuka Rochdale kabisa, klabu ya Lambert kabla ya Bristol Rovers. Pale mbele alipangwa na Grant Holt, ambaye naye baadaye alicheza Ligi Kuu na Norwich. Washambuliaji wawili wa namna hiyo, timu moja ya daraja la nne!