Kusaga si kuchoma: historia ya simiti ya Athi River

Historia ya kampuni ya East African Portland Cement huanza mwaka 1933, jambo ambalo ni kweli, ila huwafanya wengi wadhani kwamba tangu hapo ilikuwa ikitengeneza simiti. Mwanzoni ilikuwa kampuni ya biashara tu, iliyoagiza simiti kutoka Uingereza na kuwauzia wajenzi wa Afrika Mashariki. Baadaye ilifungua kiwanda cha kusaga katika Eneo la Viwanda, Nairobi, lakini klinka, yaani yale madonge magumu yanayosagwa kuwa simiti, ilikuwa ikiletwa kutoka India.

Kwa maoni yangu, kiwanda hasa kilizaliwa Athi River, mji ulio karibu na Nairobi, ambako ujenzi ulianza mwaka 1956. (Bamburi ya Mombasa, tuseme haki, ilikuwa imetangulia, kwani ilianza uzalishaji mwaka 1954.) Katika tanuri, mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,450 hadi yageuke klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi kidogo. Anayesaga anahitaji kinu na umeme; anayechoma anahitaji pia machimbo, moto usiozimwa ovyo, na mtaji wa mtu aliye tayari kungoja miaka mingi kabla ya kuona faida.

Siku hizi kampuni hiyo hutajwa zaidi kwa sababu ya ardhi yake, hasa baada ya nyumba za watu zilizokuwa katika ardhi hiyo kubomolewa Mavoko, eneo la Athi River, mnamo Oktoba 2023 kufuatia uamuzi wa mahakama. Ni habari nzito, na imefunika swali la kiwanda chenyewe: tuchome klinka yetu wenyewe, au tusage tu ile ya kuagizwa?

Swali hilo lilirudi mwaka huohuo wa 2023, serikali ya Kenya ilipoweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje. Wenye viwanda vya kusaga walio na haja ya klinka hiyo wana hoja ya gharama, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa hatimaye anayelipa ni yule anayejenga chumba kimoja kimoja kule Kayole au Ruai. Hata hivyo naiunga mkono tozo, mradi wenye matanuri walazimishwe kuwauzia wasagaji wadogo klinka kwa bei iliyo wazi. Bila sharti hilo, tutakuwa tumewakinga wachache dhidi ya ushindani na kumwongezea mjenzi bei ya mfuko wa kilo 50.