Swali la Mwalimu Si Neno la Kutafutia

Mwanafunzi wa elimu masafa hana mkutubi wa kumwuliza, wala jirani wa dawati wa kumwonyesha kitabu kiko rafu ipi. Chuo kinampa jina la mtumiaji, nywila na moduli, kisha kinamwambia mengine atayapata mtandaoni. Msimamo wangu ni huu: stadi ya kutafuta ifundishwe wiki ya kwanza, kabla ya moduli yoyote, na ipewe alama kama kazi nyingine. Asiyekuwa nayo hasomi somo lake. Anasoma chochote kilichotangulia kwenye skrini.

Kosa linalopoteza muda mwingi kuliko yote ni kunakili swali la kazi lilivyo na kulibandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Chukua swali kama hili: "Jadili athari za ukataji miti kwa upatikanaji wa maji katika jamii za vijijini." Likibandikwa zima, injini ya utafutaji huelekea kuleta kurasa zenye swali lenyewe au lifananalo nalo: mitihani ya zamani, tovuti zinazouza majibu, insha za wanafunzi wengine. Umetafuta swali, na swali umelipata.

Neno "jadili" ni agizo kwako, si sehemu ya mada. Ndivyo yalivyo "fafanua", "tathmini" na "linganisha". Yaondoe. Zinabaki nguzo tatu: ukataji miti, maji, vijijini. Chini ya kila nguzo andika kwenye karatasi maneno mengine ambayo mtu wa fani hiyo angeyatumia: uharibifu wa misitu, vyanzo vya maji, mito, chemchemi, wakulima, kaya. Kisha tafuta kwa maneno matatu hadi matano kwa wakati mmoja, ukibadilisha neno moja tu kila mara, ili ujue ni neno lipi limeleta tofauti. Ukibadilisha yote kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na sijui kwa nini hautajwi katika mafunzo. Ngeli zetu hubadilisha mwanzo wa neno. Ukifunga "chanzo cha maji" kwa alama za kunukuu, umeagiza maneno hayo hasa, kwa mpangilio huohuo. Ukurasa ulioandika "vyanzo vya maji" kila mahali unaweza kukupita. Kwa hiyo tafuta mara mbili, umoja na wingi. Fanya vivyo hivyo kwa kitenzi na nomino yake: "kukata miti" na "ukataji miti".

Kwa mada za sayansi tafuta pia kwa Kiingereza, kwa sababu sehemu kubwa ya tafiti imeandikwa kwa lugha hiyo. Lakini usitafsiri swali zima. Unachohitaji ni istilahi moja sahihi. Fungua makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu mada yako, kisha kwenye orodha ya lugha chagua Kiingereza. Ikiwa makala ipo kwa lugha zote mbili, kichwa chake ndicho istilahi unayoitafuta. Wikipedia yenyewe usiinukuu kwenye kazi yako. Shuka hadi chini kabisa, kwenye marejeo, uone waandishi walichotegemea.

Sasa alama chache za amri, zinazofanya kazi Google na kwenye injini nyingine kadhaa. Alama ya kutoa iliyogusana na neno huondoa kurasa zenye neno hilo: ukitafuta virusi vya ugonjwa na ukaletewa vya kompyuta, ongeza -kompyuta. Ukiandika site: ikifuatwa na anwani, utapata matokeo ya tovuti hiyo peke yake, jambo linalosaidia sana pale kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya chuo kinapokuwa dhaifu. Kwa filetype:pdf utapata nyaraka za PDF tu, ambako ripoti na mihadhara mingi imehifadhiwa. Kosa la kawaida ni kuacha nafasi baada ya nukta pacha. Ukiiacha, amri huenda ikachukuliwa kama neno la kawaida na isifanye kazi uliyoitaka. Neno OR, la kuchagua hiki au kile, liandikwe kwa herufi kubwa.

Matokeo yakija, usibofye la kwanza kwa mazoea. Ya juu kabisa huenda yakawa matangazo ya kulipia, na huwa na lebo inayosema hivyo. Siku hizi pia kuna muhtasari ulioandikwa na akili bandia. Utumie kama fununu tu: fungua viungo ilivyoviweka, utafute dai lenyewe humo. Lisipokuwepo, halifai kuingia kwenye kazi yako hata kama limeandikwa kwa ufasaha. Fungua matokeo matatu au manne yanayofaa, kila moja kwenye kichupo chake: kwenye kompyuta shikilia Ctrl ukibofya, kwenye simu gusa kiungo bila kuachia mpaka menyu itokee. Orodha ya matokeo inabaki pale ulipoiacha. Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl+Shift+T hukirudisha.

Halafu kuna Ctrl+F, ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue kabla ya amri nyingine yoyote. Ripoti ya kurasa 180 haisomwi yote ili kupata aya mbili. Bonyeza Ctrl+F, andika neno lako, rukia kila linapotokea. Kwenye simu, amri hiyo imo kwenye menyu ya kivinjari, kama kutafuta ndani ya ukurasa. Ikiwa PDF haioni neno unaloliona kwa macho yako, yaelekea kurasa zake ni picha zilizoskaniwa, hazina maandishi ya kutafutika.

Kuhusu kuamini ulichokipata, wengi hufundishwa kuukagua ukurasa wenyewe: una nembo nzuri, una sehemu ya "Kuhusu sisi", umeandikwa vizuri? Vyote hivyo mdanganyifu anaweza kuvitengeneza. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi wa shahada ya kwanza na wahakiki wa habari. Wahakiki ndio waliofanya vizuri zaidi, na walichofanya ni kuuacha ukurasa mapema, kufungua vichupo vingine na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki ndani ya ukurasa, wakavutwa na sura yake. Fanya kama wahakiki.

Alama ya kufuli au https mwanzoni mwa anwani isikupumbaze. Inasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa kwa wapitaji. Haisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu. Kumjua mwenye tovuti, soma jina lililo kabla ya mkwaju mmoja wa kwanza, ukianzia kulia kwenda kushoto. Katika chuochako.ac.mfano.com/ingia, mwenyeji ni mfano.com. Hayo maneno "chuochako.ac" yametangulizwa tu, na yeyote anayemiliki mfano.com anaweza kuyaandika. Ndiyo sababu anwani ya mfumo wa chuo uiandike mwenyewe mara moja kwenye upau wa anwani, uihifadhi kwa Ctrl+D, na usiitafute tena Google kila unapoingia.

Kwa makala za kitaaluma, anzia Google Scholar. Makala ikidai malipo, usikate tamaa: chini ya matokeo mengi kuna kiungo cha matoleo mengine, na mara nyingi moja limewekwa bure na mwandishi kwenye hifadhi ya chuo chake. Kiungo cha walioinukuu nacho ni hazina, maana kinakupeleka mbele, kwenye tafiti za baadaye. Ukiwa na namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, ile inayoanza na 10., iandike baada ya doi.org/ na utafikishwa kwenye ukurasa wa makala hata kama jarida limehama tovuti.

Ukurasa ukigoma, soma namba ya kosa. 404 maana yake seva imejibu ila ukurasa haupo. Kata anwani kutoka mwisho, mkwaju mmoja baada ya mwingine, mpaka upate kilicho hai, au weka anwani hiyo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za mtandao. 403 ni kukataliwa, labda hujaingia kwenye akaunti. Zinazoanza na 5 ni shida ya upande wao, kwa hiyo kubadili nywila yako hakutasaidia. Subiri ujaribu tena. Ukiingia na kurudishwa tena na tena kwenye ukurasa wa nywila, futa vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari chako) vya tovuti hiyo moja, si historia yako yote.

Jambo la mwisho linaumiza wengi. Usiandike jibu refu moja kwa moja kwenye kisanduku cha mfumo wa chuo. Mifumo mingi hukutoa baada ya muda fulani bila ombi jipya kwa seva, na kuandika peke yake si lazima kuhesabike kama ombi. Unaweza kuandika saa nzima, ukabonyeza kutuma, ukakutana na ukurasa wa nywila na maandishi yamepotea. Andika kwenye faili lako, nakili, bandika, tuma. Kisha fungua ulichotuma uhakikishe ni faili sahihi, na upige picha ya skrini inayoonyesha saa. Angalia pia saa ya mwisho imeandikwa kwa ukanda gani wa saa, hasa kama chuo kiko nchi nyingine.